UZI: Upasuaji wa kupunguza uzito kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, mambo ya kujua kabla hujalipa amana

LisheTudor (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum nduzangu, na salamu kwa wote.

Vijana wengi wa hapa Mombasa wanauliza upasuaji huu ni pesa ngapi na unafanyika wapi. Nawaomba tuanze na swali jingine: nani atakupima damu kila mwaka kwa miaka hamsini ijayo? Mtu wa miaka 55 akifanyiwa, atameza vitamini labda miaka 25. Wewe wa miaka 21 utameza maradufu, na katikati hapo kuna mimba, kunyonyesha, kubadilisha kazi, kuhama mji na bima kukatika. Upasuaji wenyewe ni saa moja hadi tatu. Kinachobaki ni chako wewe na daftari la kliniki.

Vigezo kwanza. Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, upate BMI. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulisema BMI 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na uzito kama kisukari au presha. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani pamoja na kile cha kimataifa vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa, na 30 hadi 34.9 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au maradhi mengine ya uzito ambaye dawa na mlo havikumfaa vya kutosha. Wenye asili ya Kihindi, nanyi ni wengi mjini, kizingiti chenu ni 27.5, kwa sababu mafuta hukaa ndani ya tumbo na kisukari huja mapema.

Ambaye BMI yake ni 26 na anataka tumbo la harusi mwezi wa kumi na mbili, uzi huu haumhusu.

---

Kijana_wa_Majengo

Shukran dada. Mtu wa kilo 118 na urefu wa mita 1.63 yuko wapi hapo? Halafu slivu na baipasi zina tofauti gani? Kila mtu anasema lake.

---

LisheTudor

1.63 mara 1.63 ni 2.66. Gawanya 118 kwa 2.66 upate 44.4. Kwa vigezo vyote viwili, cha zamani na kipya, yumo. Hayo ya chumba cha upasuaji namwachia nesi.

---

NesiTheatre

Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo manne hadi sita tumboni, kamera na vyuma virefu, chini ya nusukaputi.

Slivu: daktari hupitisha bomba laini la mpira, unene wa kama sentimita 1.2, kutoka mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula. Kisha hukata na kubana kwa pini ndogo za chuma kando ya bomba hilo, akatoa kiasi cha robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko. Kinachobaki ni mrija mwembamba. Sehemu ya juu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu hasikii njaa kabisa. Hairudishwi. Kilichokatwa kimekatwa.

Baipasi: hutengenezwa kifuko cha juu cha takriban mililita 30, vijiko viwili vya mezani. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha moja ikaletwa juu na kuunganishwa na kifuko, kisha sentimita 100 hadi 150 mbele huunganishwa tena na ule unaoleta nyongo na maji ya kongosho. Mfuko wa zamani unabaki ndani, unaendelea kutoa asidi, ila chakula hakipiti.

Matarajio ya mwaka mmoja hadi miwili: slivu hupunguza karibu robo ya uzito wote, baipasi karibu asilimia 30. Mtu wa kilo 118 atakwenda kwenye 88 au 83 hivi. Hatafika 60, na akiahidiwa 60 ajiulize anayeahidi anauza nini.

Slivu inaharibikia wapi? Pahala pabaya zaidi ni juu kushoto, umio unapoingia kwenye mfuko. Mrija una presha kubwa kwa sababu mlango wa chini hujifunga, na pembe ile ya juu haipati damu nyingi. Pini zikiachia, uchafu unamwagika tumboni. Hutokea kwa watu wachache, mmoja hadi watatu katika mia, lakini mara nyingi hutokea mgonjwa akishakuwa nyumbani. Dalili ya mwanzo huwa mapigo ya moyo: akiwa ametulia na mapigo yanapita 120 kwa dakika, asipewe panadol akalale. Homa, maumivu ya bega la kushoto, kuhema haraka, hayo ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo.

Jingine ni kiungulia. Mwenye kiungulia kikali tayari, slivu humzidishia. Huyo baipasi inamfaa zaidi, na ndiyo sababu endoskopi, kamera inayoingizwa mdomoni hadi tumboni, hufanywa kabla ya kuamua aina.

---

Salim_Bondeni

Mimi naona slivu ndiyo ya kijana. Utumbo wake haujaguswa, vitamini anafyonza vizuri, akizeeka akihitaji baipasi bado nafasi ipo. Baipasi ukiwa na miaka 20 ni kubana njia zote mapema.

---

NesiTheatre

Hoja ina nguvu, na vijana wengi huishia slivu kwa sababu hiyo. Lakini msichana mwenye kisukari cha aina ya pili na kiungulia cha kila usiku, ukimpa slivu kwa ajili ya umri wake tu, utamrudisha mezani baada ya miaka michache. Maradhi aliyonayo yaamue.

Na baipasi ina hatari yake ya miaka: mafuta ya ndani yakipungua, mianya kati ya mikunjo ya utumbo hufunguka, utumbo ukaingia na kujinyonga. Maumivu huja kama mkazo baada ya kula, huenda yakapungua, yakarudi. Picha inaweza kuonekana safi. Daktari asiyejua kwamba huyu ana baipasi atampa dawa ya vidonda na kumrudisha nyumbani, na utumbo unaweza kufa ndani ya saa chache.

---

Baba_Fahim_Kisauni

Nawasoma kwa makini. Mwanangu ana miaka 19, daktari amemtajia jambo hili. Mimi kama mzazi nasema si angoje kwanza? Umri huu mwili bado unakua.

---

LisheTudor

Baba Fahim, wasiwasi wako ni wa haki. Urefu katika miaka 19 kwa kawaida umekamilika, kwa hiyo hilo la kukua lisikuzuie. Pima hivi vingine.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani uliolinganisha vijana waliofanyiwa baipasi wakiwa na miaka 19 au chini na watu wazima waliokuwa wanene tangu ujana, wakafuatiliwa miaka mitano. Kupungua kwa uzito kulikaribiana: asilimia 26 kwa vijana, 29 kwa wakubwa. Kisukari kiliondoka kwa asilimia 86 ya vijana waliokuwa nacho, kwa wakubwa 53. Presha 68 dhidi ya 41. Yaani maradhi yanayokaa muda mfupi hung'oka kirahisi, na kungoja kuna gharama yake.

Upande wa pili wa utafiti huo huo: asilimia 48 ya vijana walikuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini, wakubwa 29. Na vijana walirudishwa kwenye upasuaji wa tumbo mara nyingi zaidi. Vijana huacha vidonge, ndivyo ninavyoliona. Ana nguvu, hasikii chochote, anaona chupa ya vitamini kama mzigo.

Kwa hiyo, mzee wangu, mwangalie kijana mwenyewe. Je, leo dawa aliyopewa na daktari anaimaliza? Kliniki anakwenda bila kusukumwa? Kama anameza metformini, kidonge cha kisukari, wiki hii na kusahau ijayo, mpeni miezi sita ya kujizoesha kwanza. Na uamuzi utoke kwake. Ametimiza 18, sahihi ni yake.

---

NusukaputiNyali

Ya kwangu ni maandalizi, maana hapo ndipo watu wanaposema uongo, na uongo huo huwaumiza wakiwa wamelala.

Sigara na shisha ziachwe angalau wiki sita kabla, na baada ya baipasi zisirudi kabisa, kwani huleta kidonda pale kifuko kilipoungana na utumbo. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017 lakini sote twajua bado ipo. Muguka na miraa: sema. Hupandisha mapigo na presha, hukata njaa na usingizi, na mimi nahitaji kujua mapigo ya 115 yametoka wapi.

Anayetumia sindano za kupunguza uzito, semaglutide au tirzepatide, aseme pia. Dawa hizo huchelewesha chakula tumboni, na unaweza kutapika ukiwa umelala, matapishi yakaingia mapafuni. Lini uache, tutapanga.

Kukoroma. Mtu mnene anayekoroma, akakata pumzi usingizini na kusinzia kwenye matatu mchana, apimwe usingizi kabla. Ikibidi alale na mashine ya kusukuma hewa wiki kadhaa kwanza.

Vipimo vya kawaida: damu nzima, akiba ya chuma, B12, vitamini D, sukari ya miezi mitatu, ini, figo, tezi ya shingo, moyo, ultrasaundi ya kibofu cha nyongo, endoskopi pamoja na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, halafu kikao na mtaalamu wa lishe na cha afya ya akili. Kikao hiki cha mwisho hakitafuti wenda wazimu. Kinatafuta mtu anayekula kwa mkupuo usiku na kujitapisha, au mwenye sonona isiyotibiwa, atibiwe kwanza.

---

BintiMikindani

Na ile ya wiki mbili za njaa kabla ya upasuaji ni ya nini? Mtu anapunguzwa tumbo halafu anaambiwa apungue kwanza?

---

NesiTheatre

Kwa sababu ya ini, dada. Bawa la kushoto la ini hulala juu ya mfuko wa chakula. Likiwa na mafuta ni zito na huchanika likiinuliwa, na daktari haoni ile pembe ya juu niliyoitaja. Wiki mbili za kalori 800 hadi 1,000, wanga kidogo, protini ya kutosha, ini hunywea. Ukila biriani ya kuagana siku mbili kabla, ini hilo litamwonyesha daktari. Daktari anaweza kufunga matundu na kukurudisha wodini bila kufanya lolote.

Mwenye insulini au glibenklamide, kidonge cha kushusha sukari, apunguziwe dozi kabla ya kuanza mlo huo, la sivyo sukari itamshuka na kumwangusha.

---

LisheTudor

Sasa chakula baada ya upasuaji, hapa nitakaa kidogo.

Siku ya 1 na 2: maji, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, chai ya rangi bila sukari. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, kile cha kahawa tungu, ujaze nusu. Hiyo ni kama mililita 30. Inywe polepole kwa robo saa. Kisha kingine. Mchana kutwa. Kugida maji ndiko kunakoleta maumivu ya kifua na kutapika.

Hadi mwisho wa wiki ya 2: maziwa yasiyo na mafuta, maziwa lala, uji mwembamba wa wimbi uliochujwa, poda ya protini. Wiki ya 3 na 4: vilivyopondwa, kama pojo iliyosagwa, yai laini, samaki aliyechambuliwa miba na kupondwa na mchuzi mwepesi. Wiki ya 5 na 6: laini. Baada ya hapo cha kawaida kwa kipimo cha kisahani cha chai.

Tui zito subiri. Mafuta mengi kwenye tumbo jipya huleta kichefuchefu, na mbaazi za nazi zinaweza kupikwa kwa tui jepesi na zikalika. Chapati, mkate mweupe na wali mkavu hugandamana na kukwama. Mishkaki migumu vilevile. Soda hapana. Viazi karai na bhajia vitashuka bila shida, na hilo ndilo tatizo lake: vya kukaanga na vitamu hupita rahisi kuliko nyama, na uzito hurudi kupitia mlango huo kuanzia mwaka wa pili.

Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hesabu yake: mayai mawili 12, samaki aliyepikwa gramu 100 kama 22, vikombe viwili vya maziwa lala 16, nusu kikombe cha pojo 7. Hapo ni 57, jazia na poda. Protini iliwe kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho ukibaki nafasi. Usinywe ukila, na subiri nusu saa baada ya kula. Maji lita moja na nusu kwa siku, na kwa joto la Mombasa la Februari zaidi ya hapo.

Waliofanyiwa baipasi, juisi ya miwa, kaimati na halua ziwe mbali. Sukari huingia utumbo kwa ghafla na kuvuta maji: ndani ya nusu saa moyo unakimbia, jasho, tumbo linakata, mbio chooni. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka hadi mtu akaona giza.

---

Kijana_wa_Majengo

Na Ramadhani je?

---

LisheTudor

Mwaka wa kwanza usifunge, madaktari wengi ndivyo wanavyoshauri, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Zungumza na daktari na shekhe wako mapema, usingoje mwezi uandame. Baadaye ukifunga, shida kubwa ni maji, maana huwezi kunywa glasi tatu kwa mpigo kama zamani. Futari anza na maji kidogo kidogo na tende moja. Waliofanyiwa baipasi, tatu zinaweza kuwaangusha. Kunywa kidogo kidogo hadi daku. Dawa za kisukari zipangwe upya kabla.

---

MfamasiaBuxton

Vidonge. Maisha yote, narudia, hata kwa slivu.

Vitamini mchanganyiko ya watu wazima kila siku, iwe na vitamini B1 angalau miligramu 12. Chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanaopata hedhi na waliofanyiwa baipasi. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, aina ya sitreti, kwa dozi zisizozidi 600 kwa mara. Vitamini D yuniti 3,000. B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo kila siku, au sindano ya 1,000 kila mwezi.

Chuma na kalsiamu zipishane saa mbili, hugombania njia moja. Na chuma usimeze na chai ya maziwa. Chai huzuia chuma kufyonzwa, maziwa huongeza kalsiamu juu yake. Ratiba inayofanya kazi: chuma usiku kabla ya kulala, kalsiamu asubuhi na mchana. Peremende za vitamini za watoto hazitoshi, nyingi hazina chuma kabisa.

Dawa za kuepuka, hasa baada ya baipasi: ibuprofeni, diklofenaki, aspirini ya maumivu na vidonge vya dukani vilivyochanganywa na aspirini. Huleta kidonda pale kifuko kilipoungana na utumbo. Tumia parasetamoli. Mwambie mfamasia kila mara, hata kama una haraka ya kuvuka feri.

Kuzuia mawe ya nyongo wakati uzito unaporomoka, madaktari wengi hutoa dawa iitwayo ursodeoksikoliki kwa miezi sita. Nywele zikianza kung'oka mwezi wa tatu au wa nne, usiingie kwenye mafuta ya miujiza. Pima chuma, ongeza protini. Nyingi huota tena.

---

BintiMikindani

Na uzazi? Wengi tunauliza kwa sababu ya hedhi zilizopotea.

---

NesiTheatre

Swali muhimu sana. Uzito ukishuka, yai huanza kutoka tena, mara nyingi ndani ya miezi michache, hata kwa aliyeambiwa hazai. Mimba inatakiwa ingoje miezi 12 hadi 18, kwa sababu mtoto atakua wakati mama hali cha kutosha. Vidonge vya kuzuia mimba visitegemewe baada ya baipasi, huenda visifyonzwe. Kijiti cha mkononi au koili ni salama zaidi, na panga kabla ya siku ya upasuaji. Ukipata mimba baadaye, kataa kile kipimo cha kunywa glukosi kiliniki. Mwenye baipasi kitamwangusha. Apime sukari kwa kidole nyumbani wiki moja badala yake. Na maumivu ya tumbo katika mimba, kumbuka nilichosema kuhusu utumbo kujinyonga.

---

Salim_Bondeni

Kwa nini mtu asichome sindano tu akaachana na visu?

---

MfamasiaBuxton

Ni njia halali. Katika tafiti zake kubwa semaglutide ilipunguza karibu asilimia 15 kwa wiki 68, tirzepatide karibu 20 kwa wiki 72 kwa dozi ya juu. Ukiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutide walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Kwa mwenye BMI 33 ningeanza hapo. Kwa BMI 44 na kisukari, piga hesabu ya kununua sindano kila mwezi kwa miaka. Na zile za kuuzwa mtandaoni bila kisanduku wala barafu, usiguse.

Kufyonza mafuta kwa bomba ni kitu kingine kabisa. Hakutibu kisukari wala njaa. Kliniki ya urembo ikikuambia ni kitu kimoja, toka.

---

NusukaputiNyali

Kuchagua pahala. Hakikisha daktari na hospitali wote wana leseni hai ya Baraza la Madaktari, KMPDC, inakaguliwa mtandaoni. Uliza: anafanya ngapi kwa mwezi, amefanya slivu ngapi na baipasi ngapi, chumba cha wagonjwa mahututi kipo jengo hilo hilo? Bei iliyoandikwa iwe na vipimo, siku za ziada, kurudishwa mezani ikivuja, na kliniki za mwaka mzima. Bima, soma ukurasa wa yasiyolipwa na upate jibu kwa maandishi.

Wanaokwenda Nairobi au India: usipande treni kurudi kabla daktari hajaridhika na mapigo, homa na unywaji wako. Ndani ya SGR inuka utembee kila saa, kunja vifundo, endelea na sindano za kuzuia damu kuganda kama umeandikiwa. Usibebe begi zaidi ya kilo tano kwa wiki nne hadi sita. Safari ndefu ya ndege ingoje angalau siku kumi hadi kumi na nne. Na kabla hujaondoka Mombasa, uwe na jina la daktari mpasuaji wa hapa aliyekubali kukupokea saa nane za usiku.

---

Baba_Fahim_Kisauni

Nimeelewa. Kliniki baada ya hapo ni mara ngapi, na akiugua ghafla hapa Kisauni tumwambie nini daktari wa zamu?

---

NesiTheatre

Damu mwezi wa 3, 6 na 12, kisha kila mwaka bila kukosa.

Kwa dharura, andikeni kadi ndogo, ikae nyuma ya kitambulisho chake. Iandikwe: aina ya upasuaji, tarehe, jina na simu ya aliyemfanyia. Halafu mistari hii minne:

Msipitishe mpira wa puani kwa kubahatisha, kifuko kinaweza kutoboka.
Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni.
Akiwa ametapika siku kadhaa, mpeni vitamini B1 ya mshipa kabla ya dripu ya sukari. Bila hiyo ubongo unaweza kuumia moja kwa moja.
Maumivu makali ya tumbo: mwiteni mpasuaji, hata picha ikiwa safi.

Mfahamisheni na mtu mwingine nyumbani kadi iko wapi, maana yeye huenda asiweze kusema.